Cheti cha programu au shahada ya uzamili? Kwa anayetaka kuwa mchunguzi wa ushahidi wa kidijitali

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Mwanza, nina shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta na ninafanya kazi kitengo cha TEHAMA katika benki. Mwaka jana palitokea wizi wa ndani. Kompyuta zilikusanywa, na baadaye kesi ikayumba kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza zilipita mikononi mwa nani. Tangu hapo nataka kusoma uzamili wa uchunguzi wa kisayansi wa kompyuta. Wenzangu wanasema nitapoteza hela bure, bora nichukue cheti cha mojawapo ya programu za uchunguzi nianze kazi. Uzamili utanipa nini ambacho cheti hakinipi? Nijiandae vipi? Nisome hapa au nje? Na tasnifu niandike juu ya nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wenzako hawajakosea kabisa. Cheti cha programu kinakufundisha kuitumia programu hiyo vizuri, na maabara nyingi, za serikali na za binafsi, zinamtafuta mtu atakayeanza kazi Jumatatu bila kushikwa mkono. Ila kazi unayoitamani haiishii kwenye ripoti inayotoka kwenye mashine. Inaishia kwenye kizimba cha shahidi, mbele ya wakili ambaye siku hiyo ana swali moja tu kwako, atakalokuuliza kwa namna ishirini: umejuaje? Uzamili mzuri unakuandaa kulijibu swali hilo. Kozi isiyokuandaa kwa hilo haistahili ada yako, hata kama jina lake linapendeza.

Nikueleze kwa nini nalisisitiza jambo hili. Mwaka 2011 kesi ya Casey Anthony ilisikilizwa Orlando, Florida. Mama alishtakiwa kumuua binti yake mdogo. Upande wa mashtaka uliwaambia wananchi waliokaa kuamua kesi hiyo kwamba kompyuta ya nyumbani ilifungua ukurasa wa intaneti unaoeleza habari za kloroformu, kemikali inayoweza kumpoteza mtu fahamu, mara 84. Namba hiyo ilitoka kwenye ripoti ya programu ya uchunguzi. Mtengenezaji wa programu hiyo alikuwa ametoa ushahidi mahakamani yeye mwenyewe, kisha akairudia kazi na kugundua kwamba ukurasa ule ulifunguliwa mara moja tu. Ile 84 ilikuwa ya tovuti nyingine kabisa, MySpace. Historia ya kivinjari cha Firefox ya wakati ule ilihifadhiwa kwa muundo unaoitwa Mork, muundo mgumu sana kusomeka, na programu ilikuwa imeusoma vibaya. Mshtakiwa aliachiwa kwa shtaka la mauaji. Mwaka uliofuata likaibuka la pili: ofisi ya sherifu ilikiri kwamba wapelelezi wake walitoa historia ya Internet Explorer peke yake kwa siku ambayo mtoto alionekana kwa mara ya mwisho, wakaiacha ya Firefox, kumbe humo ndimo mlimokuwa na utafutaji kuhusu kumziba mtu pumzi.

Angalia makosa hayo mawili kwa makini. La kwanza lilimuumiza mshtakiwa, la pili liliwanyima waendesha mashtaka kitu walichokihitaji sana. Yote mawili yalifanywa na watu waliojua kutumia programu zao. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua faili lenyewe, kulisoma baiti kwa baiti, na kulinganisha matokeo ya programu mbili kabla ya kuiandika namba kwenye karatasi itakayosomwa mbele ya hakimu. Mfano mwingine: mjini Norwich, Connecticut, Marekani, mwalimu wa muda alitiwa hatiani Januari 2007 kwa sababu ya picha chafu zilizojitokeza kwenye kompyuta ya darasani, akawa anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 40. Wataalamu waliojitolea kuichunguza diski upya walikuta kompyuta ya Windows 98 ambayo kinga yake ya virusi ilikuwa imekwisha muda, imejaa programu hasidi zinazofungua madirisha zenyewe. Hukumu ilifutwa Juni mwaka uleule. Mimi naamini kabisa kwamba anayeingia fani hii ameshika uhuru wa watu mkononi, na ndiyo maana sipendi kumwona mtu akiiingia kwa cheti cha wiki moja peke yake.

Sasa, darasani utakutana na nini? Sehemu kubwa haitakushangaza: mifumo ya mafaili, kumbukumbu ya RAM, mitandao, simu, sheria, mbinu za utafiti. Kwa Uingereza uzamili kamili ni krediti 180, na kati ya hizo 60 huwa ni tasnifu. Tofauti na shahada ya kwanza ni kina cha maswali. Tuseme hashi, yaani mfuatano mfupi wa herufi na namba unaokokotolewa kutoka kwenye data, kama alama ya kidole yake; MD5, SHA-1 na SHA-256 ni njia za kuukokotoa. Mtu wa cheti anajua kwamba unakokotoa hashi ya diski kabla na baada ya kunakili, zikilingana uko salama. Mwanafunzi wa uzamili anatakiwa ajue kwamba mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha mafaili mawili tofauti yenye hashi moja ya MD5, na mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na wa Google wakafanya hivyo kwa SHA-1. Wakili akikuuliza, “Kwa hiyo hashi yako ya MD5 haina maana?” lazima uweze kumweleza hakimu tofauti. Kuyatunga mafaili yote mawili wewe mwenyewe mpaka hashi zilingane ni jambo moja. Kuichukua diski iliyokwisha kukamatwa na kuibadilisha bila hashi yake kubadilika ni jambo jingine, gumu mno, na hakuna aliyewahi kuonyesha hadharani kwamba analiweza, hata kwa MD5. Kisha unaongeza kwamba hata hivyo ulitumia pia SHA-256, na hapo wakili anakaa.

Au tuseme diski za SSD, zile zinazotunza data kwenye chipu badala ya sahani inayozunguka. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba ukishaunganisha diski kwenye kifaa kinachozuia kuandikiwa, hakuna kitakachobadilika. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Murdoch, Australia, walionyesha kwamba SSD inaweza kuifuta yenyewe kabisa data ambayo mtumiaji alikwisha kuiondoa, hata ikiwa imeunganishwa kwenye kifaa hicho, alimradi inapata umeme. Usafishaji unafanyika ndani ya diski, chini ya pale kifaa chako kinapofika. Kwa hiyo nakala ya asubuhi na nakala ya jioni za diski moja zinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kuigusa. Ukilijua hili utaliandika kwenye ripoti mapema. Usipolijua, utaambiwa umeharibu ushahidi, nawe hutakuwa na la kujibu.

Upande wa sheria, usiudharau ati kwa sababu wewe ni mtu wa kompyuta. Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, na kifungu chake cha 18 kinasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu uko katika mfumo wa kielektroniki. Ila uzito wake unapimwa kwa kuangalia jinsi data ilivyozalishwa, ilivyotunzwa na kusafirishwa, jinsi uhalisi wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeianzisha alivyotambuliwa. Soma orodha hiyo tena polepole, maana hayo ndiyo maswali utakayoulizwa. Wewe wa benki unapaswa kujua pia kwamba mjadala huu hapa kwetu ulianzia kwenye benki: mwaka 2000 Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, ilikubali machapisho ya kompyuta kama vitabu vya benki, na mwaka 2007 Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa. Kenya wana kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinachodai hati maalumu inayotambulisha kielelezo, kifaa kilichokitoa na namna kilivyotolewa. Ushahidi mzuri umeanguka kwa kukosa karatasi hiyo.

Na lile lililoiyumbisha kesi ya kazini kwenu linaitwa mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililieleza katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007: kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano wa tarehe, zinazoonyesha kielelezo kilikamatwa vipi, kilitunzwa na nani, kilihamishwa kwenda wapi, kikachunguzwa na hatimaye kikafanywa nini. Hiki hakihitaji shahada. Unaweza kukianzisha kazini kwako wiki hii kwa daftari lenye kurasa zilizohesabiwa, mifuko inayofungwa kwa lakiri, na agizo la maandishi kwamba baada ya tukio hakuna anayewasha wala kuzima kompyuta mpaka mhusika mmoja aliyetajwa kwa cheo afike. Ukija kuomba nafasi ya masomo, kazi hiyo itakuwa na uzito mkubwa kwenye barua yako kuliko maneno “napenda sana teknolojia”.

Maandalizi mengine ni haya. Jizoeze Linux mpaka usiiogope, jifunze lugha ya Python ya kutosha kuandika programu fupi ya kusoma faili la muundo usioujua, na zoea kusoma hifadhidata za SQLite, maana simu nzima imejaa hizo. Programu za bure zipo na ni za kweli, si za kuchezea: Autopsy na Sleuth Kit kwa diski, Volatility kwa RAM, Plaso kwa mfuatano wa matukio. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inatoa bure nakala za diski za mazoezi, na Digital Corpora wana mazoezi makubwa, likiwemo lile la kampuni ya kubuni liitwalo M57. Lakini kabla ya hayo yote fanya zoezi moja kwa mikono yako. Chukua flashi ya zamani, weka picha kadhaa, zifute, nakili flashi nzima, kisha zitafute picha ndani ya nakala kwa kihariri cha heksa, kinachoonyesha baiti za faili zilivyo, bila programu yoyote ya urejeshaji. Picha ya JPEG huanza na FF D8 FF na kuishia na FF D9. Ukiipata ya kwanza, ukaikata na kuihifadhi, ikafunguka, utakuwa umeelewa programu za mamilioni zinafanya nini ndani yake. Ukiona zoezi hilo linakuchosha, tafakari upya kuhusu fani hii, kwa sababu siku nyingi za kazi ziko hivyo.

Kuna jambo moja watu hawalisemi kwa waombaji. Sehemu ya kazi hii, hasa ya jinai, ni kutazama picha na video ambazo binadamu hapaswi kuzitazama, za watoto zikiwemo. Maabara zenye utaratibu zina ushauri nasaha na mizunguko ya kazi. Uliza kuhusu hilo kabla hujasaini mkataba popote. Upande wa benki na makampuni hukutana nayo mara chache, na si aibu kuuchagua upande huo.

Nije kwenye tasnifu, maana hapa ndipo ninapotaka usikilize zaidi. Wanafunzi wetu wengi wanakwenda nje na kuandika juu ya iPhone ya karibuni au magari yenye kompyuta, kwa sababu ndivyo vifaa vilivyopo kwenye maabara ya chuo. Wakirudi, mezani wanakuta Tecno, Itel na Infinix za bei nafuu na simu za vitufe. Maabara za Ulaya hazina sababu kubwa ya kuzichimba simu hizo, kwa hiyo usipozichimba wewe, hakuna atakayekuchimbia. Maswali ya kweli yapo. Tangu Android 10 kila simu mpya inatakiwa isimbe data yake kwa njia fiche, na kwa simu zenye kichakato dhaifu Google ilileta mwaka 2019 mbinu iitwayo Adiantum. Je, kwenye simu za laki mbili zinazouzwa Kariakoo hilo limetekelezwa vipi kiuhalisia? Nini kinabaki kinasomeka, na nini hakisomeki bila nywila ya mwenye simu? Hiyo ni tasnifu nzima, na itasomwa na polisi, mawakili na benki.

Nyingine iko mikononi mwako kila siku: meseji za pesa. Nani hajapokea “ile hela itume kwenye namba hii”? Ipo pia ile inayoigiza ujumbe wa muamala, jina la mtumaji likiwa lilelile la huduma halisi, na simu inaiweka kwenye mazungumzo yaleyale pamoja na meseji za kweli. Mlalamikaji analeta picha ya skrini, na kwenye picha ya skrini meseji zote mbili zinaonekana sawa. Ukifungua hifadhidata yenyewe kwenye Android, mmssms.db, utakuta vitu ambavyo skrini haivionyeshi. Kuna safu inayobeba namba ya kituo cha mtandao kilichoipitisha meseji. Kuna saa mbili: ile ambayo simu iliipokea kwa saa yake yenyewe, na ile iliyogongwa na kituo cha meseji. Mtu akirudisha nyuma saa ya simu yake ili kutunga ushahidi, ya kwanza itamfuata, ya pili haitamfuata. Utafiti unaopima, kwa simu zinazotumika hapa na mitandao ya hapa, ni lini safu hizo zinaaminika na ni lini zinakuwa tupu, ungewasaidia mahakimu wa wilaya kuanzia siku ya kwanza. Angalia tu maadili: tumia simu na laini ulizozinunua mwenyewe, usiguse meseji za wateja wa benki, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata ukiwa mtafiti.

Na ukiwa kwenye saa, kumbuka saa zetu. Shahidi anasema tukio lilikuwa usiku wa kuamkia Jumatano, saa saba. Kwenye saa ya ukutani ni 01:00 ya Jumatano kwa saa za Afrika Mashariki. Kwenye kumbukumbu za seva zinazotumia saa za dunia (UTC) ni 22:00 ya Jumanne. Saa imebadilika na siku imebadilika. Ongeza kwamba NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, huandika saa za dunia, ilhali flashi yenye mfumo wa mafaili wa FAT huandika saa ya mahali, tena kwa hatua za sekunde mbili kwa muda wa mabadiliko ya faili. Mtaalamu aliyesoma ugenini anaweza kuujua mfumo wa NTFS kuliko wewe na bado akakosea hapo, kwa kuwa haijui saa saba ya usiku. Kwenye ripoti yako kila muda uandikwe kwa namna tatu: ulivyo kwenye kifaa, kwa saa za hapa, na alivyousema shahidi.

Kuhusu mahali, sina ugomvi na hapa wala nje. Hapa nyumbani Chuo Kikuu cha Dodoma wana shahada ya kwanza yenye uchunguzi wa kidijitali ndani yake, na Nairobi Chuo Kikuu cha KCA wanayo pia. Kwa uzamili, sehemu nyingi za ukanda huu utaipata fani hii ndani ya kozi ya usalama wa mifumo ya habari, si kozi inayojitegemea, na hilo si baya endapo msimamizi wa tasnifu yako amewahi kufanya kazi hii. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani wana tawi lao Kigali, na ufadhili wa Mastercard Foundation umewafungulia mlango wanafunzi wengi wa Afrika. Chuo Kikuu cha Pretoria wana utafiti wa miaka mingi, na kazi ya watu wao ilichangia sana kwenye kiwango cha kimataifa ISO/IEC 27043 cha mwaka 2015 kinachoeleza hatua za uchunguzi. Uingereza, Chuo Kikuu cha Cranfield wanafundisha na kazi ya kutoa ushahidi mahakamani yenyewe, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kozi. Uwe macho na kozi zisizokuhusu: University College Dublin wana moja maarufu ambayo ni ya maafisa wa vyombo vya dola tu, nyingine ndiyo ya watu kama wewe.

Kabla ya kulipa chochote, kiandikie chuo barua pepe uulize haya. Je, wanafunzi wanatakiwa kuipima programu ya uchunguzi na kuripoti makosa yake, au wanatumia tu? Je, kuna zoezi la kuhojiwa kama shahidi? Nani atasimamia tasnifu ya simu za Android za bei nafuu? Wakikujibu kwa kijitabu cha matangazo, endelea kutafuta.

Ada ya nje kwa mgeni huko Uingereza mara nyingi inazidi paundi 15,000 kwa mwaka, na sitakushauri ukope kwa ajili hiyo. Omba ufadhili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hutaka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, nawe unaahidi kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola (Commonwealth) nao una nafasi zake. Na vile vyeti vya programu wanavyovisema wenzako, viache mpaka uajiriwe kwenye maabara, kisha mwombe mwajiri akulipie kile cha programu anayoitumia yeye.